Mkono Haupimi Joto

Watu wa mlimani ndio waliomwita Sista Barafu, na jina hilo alilipokea kama mtu anavyopokea zawadi mbele za watu, kwa kujifanya hataki. Miaka thelathini na sita alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati ile ile ya vyumba vitatu na veranda, na katika miaka yote hiyo dawa zilimharibikia mara moja tu, zamani, alipokuwa mgeni kazini. Gari lilikwama matopeni, boksi likakaa juani tangu asubuhi hadi alasiri, barafu ikayeyuka yote. Mkubwa wake wa wakati huo alizimwaga dawa shimoni mbele ya macho yake, huku akimwita mzembe na kuwaita wahudumu waje wamtazame. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tangu siku hiyo joto likawa adui yake wa damu, na akajiapiza kwamba halitamwaibisha tena.

Baridi hakuiogopa. Nani aogope baridi mahali ambapo mabati yanalia kwa jua kuanzia saa tatu asubuhi?

Lakini kazi ya chanjo ina masharti yake. Boksi la kubebea dawa lilikuwa la plastiki ya buluu, kuta zake nene, na pembeni lina nafasi za kupanga pakiti za barafu ili vichupa vikae katikati. Kila muuguzi wa chanjo anajua, na wengi wanachukia kwa sababu inakula muda, kwamba pakiti zikitoka kwenye friza haziingizwi kwenye boksi papo hapo. Zinaachwa mezani mpaka zitoe jasho, na ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Barafu inayotoka moja kwa moja kwenye friza ina baridi ya kupindukia, na zipo chanjo ambazo zikiganda zimekufa. Hazibadiliki rangi wala harufu. Mtoto atalia vilevile na paja litavimba vilevile, ila mwilini mwake hamna kinga iliyoingia.

Sharti hilo Sista alilifuata kwa miaka mingi, si kwa kulipenda, bali kwa sababu ndani ya boksi kulikuwa na kipimajoto, na kipimajoto hakijui kumstahi mtu mzima. Kikishuka chini ya nyuzi mbili kinakuambia, uwe mgeni uwe mkongwe. Kisha siku moja kipimajoto kikaponyoka kikaanguka sakafuni, kikavunjika vipande. Sista akaandika barua kuomba kingine, akajibiwa kinakuja. Kilikuwa kinakuja kwa miezi minane.

Katika miezi hiyo alitumia mkono. Alipanga pakiti, akaingiza vichupa, kisha akapitisha mkono ule ule uliopanga pakiti, akavigusa kimoja kimoja na kusema, "Viko sawa." Mhudumu wa zahanati, mama mmoja mcheshi, alikuwa akimwambia, "Sista, mkono wako umesoma kuliko mimi," na Sista anacheka. Kilemba cha ukoka hakina uzito, mtu huweza kukivaa mwaka mzima asijue kuwa amekivaa.

Msimu wa joto ukaja na jua la kukaanga mawe. Kila mwezi ilikuwa lazima kupanda mlimani kuwachanja watoto wa huko, safari ya saa nne katika gari ambalo halikufika kwa wakati hata siku moja. Gari likipiga honi Sista hana muda wa kusubiri jasho la pakiti. "Zitatoa jasho njiani, kama sisi," alisema. Akazipanga zikiwa zinavuta moshi wa baridi, na kwa kuwa mkono wake ulimwambia kwamba vichupa bado havijapoa vya kutosha, akaongeza pakiti mbili nyingine katikati, zikavigusa vichupa pande zote. Alifanya hivyo mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu; wa nne mvua zikanyesha, akarudi kuzisubiri zitoe jasho.

Katika safari ya tatu alitoa kichupa akaona vijisindano vya barafu vikielea ndani. Niseme ukweli, maana sikuja hapa kumpamba mtu: aliviona. Alikifumbata kile kichupa kiganjani mpaka vikayeyuka, akakitikisa, na dawa ikawa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, vile inavyokuwa siku zote. Akawageukia akina mama waliokuwa wakijipepea kwa kadi za kliniki. "Mnaona? Ninyi mnatoka jasho, dawa yangu iko Ulaya."

Wakacheka. Aliyekuwa mbele ya wote, kama katika safari mbili zilizotangulia, ni fundi cherehani mmoja kijana, mshona sare za shule, na kifungua mimba wake mgongoni. Alikuwa anatoka nyumbani alfajiri ili awe wa kwanza, amalize, awahi kushona. Sista alimpenda kwa sababu hiyo. Aliweka sahihi yake ya tatu kwenye kadi ya yule mtoto akasema, "Umemaliza, mwanangu. Sasa huyu hata kifaduro kikimwona kitapisha njia."

Miezi miwili baadaye kifaduro kikapanda mlimani, na hakikupisha njia.

Fundi cherehani alimleta mwanawe zahanati akiwa ameshakohoa siku tisa. Alikuja na mume wake na mama mkwe wake. Kikohozi cha kifaduro hakimpi mtoto nafasi ya kuvuta pumzi, kinamkamua mpaka midomo inakuwa ya samawati. Mtoto alikuwa na miezi sita na alikuwa amechoka kulia. Sista alimshika, akamsafisha kohozi, akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akaambiwa linakuja. Mtoto alifariki kwenye benchi la veranda kabla ya saa sita mchana, kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko cha mama yake.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. "Si alichanjwa? Sindano tatu. Sasa amekufaje kwa ugonjwa wa sindano?"

Macho yote yakamgeukia Sista. Akaikumbuka miaka yake thelathini na sita ya sifa. "Chanjo zangu ni nzima," alisema. "Mwulizeni mama yake. Kila mwezi alikuwa anamleta alfajiri, na umande wote ule, kifua wazi. Mapafu ya mtoto si ya kuchezewa."

Hakufikiri aliposema. Lilikuwa neno la kujikinga tu, kama mtu anavyoinua mkono akirushiwa kitu. Lakini mama mkwe alilidaka hewani, na mwanawe akaliamini kwa sababu limetoka kwa mtu wa nguo nyeupe. Siku arobaini hazikutimia, fundi cherehani alikuwa amerudishwa kwa wazazi wake, upande wa pili wa mlima, na cherehani yake ikabaki kwa mume. Habari hizo zilimfikia Sista kupitia kwa mhudumu. Akasema, "Masikini," akaendelea kufuta meza.

Sasa, mume wa Sista alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi wa shule ya msingi, na mtaani hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mkewe. Miaka thelathini alifundisha sumaku, chemchemi na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na alipostaafu hakuna aliyemwambia aache. Ukimwomba chumvi mezani anakueleza inavyotoka kwenye maji. Alikuwa na gauti, mguu wake wa kushoto umevimba, na daktari alimwagiza auloweke katika maji ya uvuguvugu kila alasiri.

Siku moja Sista alirudi nyumbani mapema. Alikuwa ameshinda akikwangua barafu kwenye friza ya zahanati kwa mikono mitupu, na vidole vyake vilikuwa bado vinauma. Akachota maji ya beseni, akayachanganya na ya birika kidogo, akachovya mkono. "Mwalimu, tahadhari, ni ya moto hayo."

Mwalimu akaweka mguu, akautoa kwa ukelele. "Ya moto? Mama, maji haya hata chura angeomba sweta!"

"Nimeyagusa mwenyewe. Yanaunguza."

"Umeyagusa kwa mkono upi?"

Sista akamwonyesha, na alipouona uso wa mumewe ukichangamka alijua amekwisha, kipindi kimeanza. Mwalimu akachechemea hadi jikoni. Akapanga mabeseni matatu juu ya meza: moja la maji ya moto kiasi cha kuvumilika, moja la maji ya friji, na la katikati la maji ya bomba. Akamwambia mkewe aweke mkono wa kulia kwenye ya moto na wa kushoto kwenye baridi, ahesabu mpaka mia, kisha yote miwili aihamishie katikati. Sista alitii, kwa sababu kubishana kungechukua muda mrefu zaidi.

"Haya, maji ya katikati yakoje?"

"Wa kulia unasema ni baridi." Sista akautazama mkono wa pili. "Wa kushoto unasema ni ya moto."

"Beseni moja, maji mamoja, mtu mmoja!" Mwalimu alipiga kofi la furaha. "Mkono haupimi joto, mama. Mkono unajua jambo moja tu: joto linaingia kwangu au linanitoka. Ulioshika barafu, kila utakachogusa utakuambia kina joto. Hauongopi kwa makusudi. Umeulizwa swali ambalo haukulisomea."

Sista hakuitoa mikono yake majini. "Na kichupa," aliuliza polepole, "kikigusana na barafu, baridi inaingia kiasi gani?"

"Baridi haiingii popote, haina miguu. Joto ndilo linalohama, linatoka penye joto zaidi linakwenda penye joto pungufu, na likishapata njia halisimami mpaka pande zote zilingane. Kichupa kikiigusa barafu kitaipa joto lake lote. Kama barafu imetoka friza sasa hivi, kitaganda."

"Hata nje kukiwa na jua kali?"

"Boksi lako lina kuta nene, si ndiyo? Basi hilo la jua huko ndani halifiki. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu," alisema Sista, akaenda kukausha mikono.

Alijua. Kabla ya kupima chochote alikuwa ameshajua, na vile vijisindano vya barafu vilikuwa mbele ya macho yake kama vimechorwa ukutani. Lakini binadamu hata akijua hutafuta njia ya kutojua, na kesho yake akachukua vichupa viwili. Kimoja kilikuwa kipya kutoka kwenye shehena ya wiki ile, hakijawahi kutoka kwenye friji. Akaigawa dawa yake sehemu mbili: nusu akaiacha, nusu akaihamishia kwenye kichupa kitupu akaigandisha kwa makusudi kwenye friza, kisha akaiacha iyeyuke. Cha pili kilirudi kutoka safari ya tatu bila kufunguliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekirudisha kwenye friji. Akavitikisa vyote vitatu pamoja, akavisimamisha dirishani, akavuta stuli.

Alifundishwa kipimo hicho chuoni na hajawahi kukifanya. Dawa nzima ikitikiswa hubaki na weupe wake kwa muda mrefu. Iliyowahi kuganda huvunjika: weupe wote huzama chini, na juu yakabaki maji matupu.

Nusu saa ilipopita, dawa mpya ilikuwa bado nyeupe. Ile aliyoigandisha ilikuwa imezama. Kichupa cha mlimani kilikuwa kimezama vilevile, sawasawa, huwezi kuvitofautisha. Akavitikisa tena akasubiri tena. Mhudumu aligonga mlango akamwambia wagonjwa wanangoja, Sista akamjibu wangoje.

Aliogopa, na woga wake wa kwanza ulikuwa kwa ajili ya jina lake. Baadaye alijichukia kwa hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa: kwanza jina, kisha kustaafu kwake mwakani, kisha ndipo watoto wakaja. Akafungua daftari la chanjo, akahesabu waliochomwa mlimani katika safari zile tatu. Arobaini na watatu. Kifaduro kilikuwa huko huko, kinapita nyumba hadi nyumba, na wazazi wa watoto arobaini na wawili walikuwa wamelala usingizi kwa sababu ya sahihi yake.

Haki yake apewe: hakungoja wiki. Siku ile ile alikwenda kwa daktari mkuu wa wilaya. Daktari huyo alikuwa kijana ambaye miaka kumi na tano nyuma alifanya mazoezi kwenye zahanati yake, na Sista ndiye aliyemfundisha kumshika mtoto mchanga bila kumtetemesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja na jambo baya."

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akafunga mlango, akarudi kukaa upande wa mgeni na si nyuma ya meza yake.

"Mama, watoto lazima warudiwe. Hilo halina mjadala, kesho kutwa gari lipo. Lakini tukitangaza kwamba chanjo zilikufa, unajua kitakachotokea? Hakuna mama atakayeleta mtoto tena mlima mzima, wala kwa hizi wala kwa nyingine. Tutawazika wengi zaidi kwa ukweli kuliko kwa barafu." Akamtazama kuona kama neno limeingia. "Tutasema ni sindano ya kuongeza nguvu kwa sababu ya mlipuko. Watakuja wote. Watakingwa. Usiandike chochote popote, nawe utastaafu kwa heshima yako. Funika kombe, mama yangu, mwanaharamu apite."

"Na yule aliyekufa?"

"Aliyekufa hachanjwi. Tena huwezi kuapa kwamba ni hilo lililomuua. Wapo wanaochanjwa sawasawa na bado wanaugua."

Yote aliyosema yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalimezeka. Sista alitoka pale mwepesi kuliko alivyoingia. Hata kipimajoto kipya alipewa siku hiyo hiyo, kilikuwa kwenye droo. Nyumbani alimweleza mumewe, na Mwalimu, ambaye hajawahi kukosa maneno, aliufuta mguu wake maji kidole kwa kidole.

"Mmewaambia?" aliuliza mwishowe.

"Tumewaambia waje."

"Sikuuliza hilo."

Sista alisusa, hakumsemesha tena hadi wakati wa kula. Kisha akakaa na daftari, akanakili majina ya watoto ili karani wa kijiji ayasome kwenye kipaza sauti, akiwa juu ya pikipiki na kuzunguka mlima mzima. Alinakili haraka, mstari kwa mstari, kwa hasira, bila kuyasoma.

Siku ya chanjo walipewa chumba kimoja cha darasa kule mlimani. Madawati yalisogezwa ukutani, boksi likawekwa kwenye meza ya mwalimu. Safari hii pakiti zilitoa jasho mezani mpaka meza ikalowa, na dereva alipiga honi mpaka akachoka. Kipimajoto kilisoma nyuzi nne. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka jengo, akina mama wakizungumza kwa sauti, wakifurahi kwa kukumbukwa. "Sista Barafu hajatusahau," alisema mmoja. Sista alichoma mapaja madogo, moja baada ya jingine, na kila mtoto aliyelia alimpa pumzi kidogo. Alifika wa kumi na tisa.

Wa ishirini hakuwa na mtoto.

Fundi cherehani alisimama mbele ya meza, kadi ya kliniki mkononi, nguo yake safi iliyopigwa pasi. Alikuwa amekonda mpaka mashavu yamekuwa ya mtu mwingine. Hakuruka foleni, alikuwa ameingoja zamu yake tangu mwanzo, mikono mitupu kati ya wabeba watoto.

"Shikamoo Sista."

Sista alisahau kuitikia. "Mwanangu, umekuja kufanya nini?"

"Nimeitwa. Jina la mwanangu limesomwa kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nafua kwa mama. Kwa dakika moja hivi nikasahau, nikainuka kwenda kumchukua ndani." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. "Halafu nikasema ngoja niende, nijue anaitiwa nini."

Sista akaliona kosa lake, jina lile katikati ya orodha kwa mwandiko wake mwenyewe, na akatamani sakafu ile ya saruji ipasuke. "Nisamehe. Nilinakili vibaya. Ni sindano ya kuongeza—"

"Nimesimama kwenye foleni tangu asubuhi, nimesikia," fundi alimkatiza kwa upole. "Waliochomwa siku zile tatu wameitwa wote. Jirani yangu, wake alichomwa mwezi uliofuata, hakuitwa. Nikamwuliza mama wa mapacha, wake walichomwa mwaka jana, hakuitwa. Sista, mimi ni fundi. Fundi akiita zirudi sare zote zilizokatwa kwenye jora moja, si kwamba anataka kuzipamba. Ni kwamba jora lina kasoro."

Darasani kukapungua kelele. Walio karibu na meza walikuwa wanasikiliza.

Maneno ya daktari yalikuwa tayari mdomoni mwa Sista, matamu na ya kweli nusu. Alifikiria watoto ishirini na watatu waliokuwa bado nyuma ya yule dada. Akafikiria pia lile benchi la veranda, na alivyosema kifua wazi, na jinsi lilivyomtoka kwa urahisi.

"Ziliganda," alisema. "Sindano zote tatu. Nilizigandisha mimi, kwa kuogopa joto. Zilikuwa zimekufa kabla hazijamfikia."

Fundi cherehani aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka Sista akadhani ataanguka, akanyoosha mkono kumshika, lakini yule hakutaka kushikwa.

"Kwa hiyo si umande."

"Si umande."

"Si kifua wazi."

"Ulimfunika vizuri. Niliona mwenyewe, kila safari." Sista aliiweka sindano mezani. "Nilisema uongo."

"Nilimfunika nguo mbili," alisema fundi. "Nilijua kwamba nilimfunika. Lakini watu wakikuambia kila siku, unaanza kutokumbuka." Akafungua kadi, akaiweka mezani, akaigeuza imwelekee Sista. "Niandikie."

"Nikuandikie nini, mwanangu?"

"Hayo hayo. Hapa, chini ya sahihi zako tatu. Mimi nikisema hawaniamini. Wewe ukisema wanaamini."

Sista alichukua kalamu. Daktari alikuwa amemwambia asiandike chochote, na miezi saba tu ilibaki astaafu, na kadi ya kliniki ni karatasi ya serikali. Aliandika pole pole kwa herufi kubwa ili isomeke. Fundi aliichukua, akaisoma kama wasomavyo watu walioacha shule mapema, kidole chini ya kila neno na sauti ikitoka, bila kujali nani anasikia.

"Chanjo tatu nilizompa mtoto huyu zilikuwa zimeganda kwa kosa langu. Hazikumkinga. Mama yake alimtunza vizuri na alimleta kila siku aliyoitwa."

Alirudia sentensi ya mwisho peke yake. Kisha akamrudishia kadi. "Na muhuri."

Sista akagonga muhuri. Fundi alipuliza wino ukauke, akaikunja kadi ndani ya leso, akasema, "Alfajiri zile tatu ningelala tu nisimlete, yangekuwa yale yale." Haikuwa swali, na hakungoja jibu. Foleni ilimpisha akatoka, na minong'ono ikaanza mlangoni ikaenda inazunguka jengo.

"Anayefuata," alisema Sista.

Mama aliyekuwa nyuma alikuwa ameshamvua mwanawe suruali, paja liko wazi. Alimtazama Sista, akalitazama boksi.

"Hii ni nzima, mwanangu. Nakuapia. Hii ni nzima."

Yule mama aliinama, akaanza kumvisha mtoto wake suruali.